Sevu ya kwanza haisimami peke yake

Katika mchezo wa tenisi mapigo yote ni majibu, isipokuwa moja. Mpira ukishaanza kwenda na kurudi, kila mchezaji hulazimika kuupokea jinsi ulivyoletwa: ukija chini atainama, ukija mbali ataukimbilia. Pigo la kuanzisha pekee, ambalo wachezaji huliita sevu, halimjibu mtu. Anayeanzisha husimama nyuma ya mstari na mpira mkononi mwake. Huurusha mwenyewe, huupiga mwenyewe, na hakuna wa kumgusa wala wa kumzuia. Akiukosa, kanuni humpa mpira wa pili. Akiukosa na huo, pointi ni ya mwenzake, ambaye hakunyanyua hata raketi.

Tumeishi na pigo hili kwa mwaka mmoja na nusu sasa. Sisi wenyewe si wachezaji. Baba wa nyumba hii alicheza kandanda ya mchangani, mama alicheza netiboli shuleni, na hakuna kati yetu aliyewahi kushika raketi. Aliyetuingiza humo ni binti yetu, mwenye umri wa miaka 13, na kinachotufanya tuandike ni kwamba mwaka jana alitaka kuuacha mchezo anaoupenda kwa ajili ya pigo hili moja. Tunaamini wapo wazazi ambao watoto wao hawajapata kuuona uwanja wa tenisi, lakini wamelishuhudia jambo hilo hilo: mtoto afanyaye vizuri nyumbani, akisimama mbele za watu mkono unakataa.

Yalikuwa mashindano ya vijana wakati wa likizo, hapa Dar es Salaam. Katika mechi yake ya kwanza, iliyokuwa ya seti mbili, binti yetu alimpa mwenzake pointi 14 kwa namna hiyo tuliyoieleza, mpira mmoja ukigonga wavu na wa pili ukitoka nje. Katika mapigo mengine hakuwa duni. Kila mpira ulipofanikiwa kuingia na mchezo ukachezwa, alishinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Tukiwa ndani ya daladala, njiani kurudi, alisema, "Mama, sitaki tena. Wakati wa sevu wananitazama mimi tu."

Maneno hayo yalituuma kwa kuwa ni ya kweli. Katika michezo ya timu mtoto aweza kujificha nyuma ya wenzake kumi. Katika tenisi, wakati wa sevu, uwanja mzima hunyamaza kwa adabu na macho yote huelekea upande mmoja. Msichana aliyevaa suruali pana, shati la mikono mirefu na hijabu, akiwa peke yake aliyevaa hivyo uwanjani, hutazamwa hata kabla hajapiga. Shangazi yake, ambaye anampenda kuliko anavyoweza kusema, aliona hapo ndipo pa kumalizia jambo. "Mwanangu, mchezo wenyewe haukutaki," alimwambia, "wewe unaung'ang'ania wa nini?"

Tulimwomba binti yetu kitu kimoja tu: aendelee hadi mwisho wa likizo ifuatayo, kisha aamue mwenyewe, na atakaloamua hapana atakayemlaumu. Alikubali bila furaha.

Ushauri haukukosekana. Waliomtakia mema walimwambia ajikaze. Wengine walimwambia asiogope. Na wengi, wakiwemo wazazi wa wachezaji wenzake, walimwambia apige polepole tu, mradi mpira uingie. Ushauri wa mwisho ndio unaosikika kuwa wa busara kuliko yote, na ndio, tumekuja kujifunza, wenye madhara kuliko yote.

Mwalimu wake ni mzee aliyeanza maisha ya tenisi akiwa mtoto muokota mipira, akilipwa senti ili awarushie wakubwa mipira yao. Tulipokwenda kumwona, tulitarajia atuzungumzie ujasiri. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtoto huyu hana woga. Hana sevu ya pili."

Ilituchukua muda kuielewa kauli hiyo, na yaliyobaki katika makala haya ni maelezo yake.

Tuanze na vipimo, kwa maana havina upendeleo. Kutoka mstari wa nyuma hadi kwenye wavu ni mita 11.89. Wavu una kimo cha mita 0.914 katikati, na pembeni hupanda hadi mita 1.07. Sevu hupigwa kwa mshazari, na hutakiwa kutua ndani ya kisanduku ambacho mwisho wake uko mita 6.40 tu nyuma ya wavu. Chukua kamba, ndugu msomaji, ifunge pale mwisho wa kisanduku, ipitishe juu ya wavu mahali palipo chini kabisa, kisha uivute mpaka kwa mchezaji aliyesimama kwenye mstari wake. Kamba itafika kwake ikiwa na kimo cha kama mita 2.6. Hapo ndipo mpira ungepaswa kugongwa ili uende moja kwa moja na uingie, tena ukiusugua wavu na kutua kwenye mstari wenyewe.

Mchezaji, akinyoosha mkono na raketi yake, huugonga mpira penye kimo cha takriban mara moja na nusu ya urefu wake. Elena Rybakina wa Kazakhstan, mwenye urefu wa mita 1.84, huweza kuifikia kamba yetu na kuipita. Ons Jabeur wa Tunisia, mwenye urefu wa mita 1.67, haifikii. Binti yetu ana mita 1.52. Kwake yeye hakuna njia iliyonyooka ya kutoka mkononi mwake hadi ndani ya kisanduku. Haipo, wala kujikaza hakutaiumba. Mpira wake ni lazima upite juu ya wavu kisha uiname.

Mambo mawili huuinamisha mpira. La kwanza ni uzito wake, unaouvuta chini kama kila kitu kinavyovutwa. La pili ni mzunguko: mpira unaozunguka kuelekea mbele husukumwa chini na hewa, nao hushuka upesi kuliko ambavyo ungeshuka kwa uzito wake tu. Anayepiga polepole hutegemea la kwanza peke yake. Mpira wake huelea kama kishada, huingia, na mpokeaji mwenye akili husogea hatua mbili mbele na kuumaliza. Anayepiga kwa nguvu bila mzunguko, ikiwa si mrefu, hucheza bahati nasibu. Ajuaye kuuzungusha mpira aweza kupiga kwa nguvu na bado ukaingia, kwa sababu upo mkono wa pili, usioonekana, unaoushusha.

Hapa ndipo tulipokutana na jambo ambalo hatukulitegemea. Tulidhani sevu ya pili ni sevu ya kwanza iliyopunguzwa kasi. Sivyo hata kidogo. Katika sevu ya pili iliyo nzuri mkono huenda kwa kasi ile ile, ila raketi haiufuati mpira kwa nyuma. Huupangusa kutoka chini kwenda juu, na kasi yote ile hugeuka kuwa mzunguko. Anayepunguza mwendo wa mkono wake kwa kuogopa kukosea huupunguza mzunguko, na mpira usio na mzunguko hausiti kutoka nje. Basi tahadhari yenyewe ndiyo inayoleta kosa. Binti yetu alipofika kwenye mpira wa pili alikuwa akifanya kile ambacho kila mtu alimshauri, yaani kupiga polepole, na kwa kufanya hivyo akajifungia mlango.

Sasa hesabu, kwa wale wapendao hesabu. Ni mfano tu, tuliuandika mezani kwetu usiku mmoja. Tuseme mchezaji anaanzisha mara 100. Sevu yake ya kwanza ni kali: inaingia mara 60, na katika hizo anashinda pointi 45. Mara 40 zilizobaki anatumia sevu ya pili yenye mzunguko, na anashinda nusu, yaani 20. Jumla ni pointi 65. Mwenzake hapendi kukosea, basi anaigusa tu sevu ya kwanza. Inaingia mara 90, lakini kwa kuwa haina makali anashinda nusu tu, 45, na katika zile 10 anashinda 5. Jumla ni 50. Amekosea mara chache, na amebaki na pointi 15 pungufu.

Kisha tukamchukua mtoto ambaye sevu yake kali inaingia mara 40 tu kati ya 100, yaani anakosa mara nyingi kuliko anavyopata. Katika hizo 40 anashinda 30. Ikiwa anayo sevu ya pili ya kutegemewa, katika mara 60 zilizobaki atashinda 30 nyingine, na jumla itakuwa 60. Lakini kama hana, naye akaamua kupiga kali mara zote mbili, atashinda pointi 48, na pointi 36 atakuwa amezigawa bure. Sevu ya kwanza ni ile ile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni kile kinachoisubiri nyuma yake. Ndiyo maana mwalimu hakulizungumzia pigo la kwanza hata tulipomuuliza juu ya pigo la kwanza.

Kwa wiki sita hakumruhusu apige sevu kali hata moja. Jambo la kwanza alilolibadilisha lilikuwa mshiko. Anayeanza huishika raketi kama mtu ashikavyo mpini wa kikaangio, kiganja kikitazama mbele, kwa kuwa hivyo ndivyo mwili unavyodhani mpira utapigwa sawasawa. Mshiko huo husukuma tu. Hauwezi kuupangusa mpira. Mwalimu alimfundisha aishike kama nyundo, ukingo wa raketi ukitangulia kuelekea kwenye mpira, hadi mwishoni kabisa mkono unapogeuka na kiganja kikaishia kutazama nje. Siku za mwanzo mipira yake ilikwenda kwenye nyua za jirani. Mwenye nyumba mmoja aliirudisha kwa ukarimu siku mbili za kwanza.

Jambo la pili lilikuwa kupiga magoti. Mwalimu aliweka kipande cha godoro kuukuu juu ya saruji, nusu ya njia kuelekea kwenye wavu, akamtaka binti yetu apige akiwa amepiga magoti. Tulishangaa, na baadhi ya watazamaji walicheka. Lakini aliyepiga magoti hawezi kuupiga mpira kwenda chini, maana wavu umemzidi. Ni lazima apige kwenda juu, na ili mpira upande kisha urudi chini ni lazima auzungushe. Mwili ukajifunza bila maneno. Baada ya wiki mbili akasimama, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mstari wake, akiwa na ndoo ya mipira 40 iliyochakaa.

La tatu lilikuwa kurusha mpira, na hapo tuligundua jambo la nyumbani kwetu kabisa. Anayeanzisha ni lazima atazame juu mpaka raketi ikutane na mpira. Akiinamisha kichwa mapema, mpira huishia kwenye wavu. Binti yetu alikuwa akivaa mtandio uliobanwa kwa pini chini ya kidevu. Kila alipoinua uso kitambaa kilivutika, kikambana shingo na ukingo wake ukamjia machoni, naye akawa anashusha kichwa ili kujinusuru. Hakuna aliyeliona kwa kuwa mwenyewe hakulisema. Alidhani ndivyo ilivyo. Mama yake alimshonea hijabu ya kitambaa cha jezi kinachovutika, isiyo na pini, inayoingia kichwani kama fulana. Tunawaandikia hili wazazi wenye mabinti wanamichezo, wa tenisi, mpira wa wavu au kikapu: jaribuni kumwambia mtoto atazame dari akiwa amevaa hijabu yake, kisha muone inafanya nini.

Na kuna kanuni moja ambayo binti yetu hakuijua. Mchezaji akiurusha mpira vibaya, aweza kuuacha udondoke au akaudaka na kuanza upya, na halihesabiwi kuwa kosa, mradi hakuupungia raketi. Alikuwa akiipiga mipira yote aliyoirusha, hata iliyokwenda kombo, kwa sababu aliona haya kuirudia mbele za watu. Mwalimu alimwambia, "Ukiurusha vibaya, udake. Wanaokutazama watasubiri. Hawana la kufanya." Kwa maoni yetu kanuni hii ni miongoni mwa zile zilizo na insafu kubwa katika mchezo wowote tunaoufahamu.

Wakati huo tulikuwa tukitazama mechi za zamani pamoja jioni, baada ya Isha, na humo tulikuta kisa kilichomsaidia binti yetu kuliko mawaidha yetu. Mwezi Januari 2022, Aryna Sabalenka wa Belarus, ambaye wakati huo alikuwa wa pili kwa ubora duniani, alifika Adelaide nchini Australia na sevu ikamkataa kabisa. Alifanya makosa ya mara mbili hadi akatokwa na machozi uwanjani, na ikafika mahali akaanzisha kwa kupiga mpira kutoka chini ya kiuno kama watoto wafanyavyo. Kanuni hairuhusu kumzuia, lakini mchezaji wa daraja lake hufanya hivyo akiwa amekwama. Mwaka ule aliumaliza na makosa ya mara mbili zaidi ya 400.

Mwanamke huyo ana mwili wa nguvu na urefu wa mita 1.82. Hakuna aliyemdhania kuwa mwoga. Katikati ya mwaka alimwendea mtaalamu wa mwendo wa mwili, wakaivunja sevu yake vipande vipande na kuijenga upya. Mwezi Januari 2023 aliingia fainali ya mashindano ya Australia, mjini Melbourne, dhidi ya Rybakina, akashinda kwa 4-6, 6-3, 6-4. Jambo tulilolirudia kulitazama ni hili: alipofikia pointi ya kwanza ambayo ingempa ubingwa, alifanya kosa la mara mbili. Mwaka mmoja nyuma huo ungekuwa mwanzo wa kuporomoka. Safari hii alirudi nyuma ya mstari, akaanzisha tena, na akaumaliza mchezo baadaye kidogo. Ugonjwa wa zamani ulimtembelea, akaupokea, akaendelea.

Binti yetu aliuliza, "Kwa hiyo hata yeye mkono wake ulikuwa haujui?" Swali hilo lilitupumzisha. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijiona mwenye kasoro ya moyo. Kumbe lilikuwa suala la mkono, na mkono hufundishika.

Nasi pia tulikuwa na mechi yetu ya kuikumbuka. Jumamosi ya tarehe 9 Julai 2022, siku ya fainali ya wanawake kule Wimbledon, London, ilikuwa Idi ya Kuchinja kwa nchi nyingi, Tunisia ikiwemo. Hapa kwetu wapo walioswali siku hiyo na walioswali kesho yake, na mjadala huo tunauachia kurasa nyingine za gazeti. Ons Jabeur alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika, katika zama hizi za tenisi ya kulipwa, kufika fainali ya mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makubwa manne ya dunia. Alishinda seti ya kwanza 6-3 kwa ufundi wa mipira yenye kukata na kudondoka. Kisha Rybakina akazichukua mbili, 6-2 na 6-2.

Wakati ule tulilia tu na bahati. Tulipoitazama upya tukiwa tumeielewa sevu, tuliona kitu kingine. Katika seti ya tatu Jabeur aliongoza 0-40 katika gemu ambayo Rybakina alikuwa anaanzisha. Pointi moja tu kati ya tatu zilizofuata ingemrudisha kwenye mchezo. Mpokeaji wa sevu ya namna ile ana muda unaozidi kidogo nusu sekunde kuona, kuamua na kunyoosha mkono. Rybakina hakubadilisha uso wala mwendo. Aliurusha mpira kama alivyourusha mwanzo wa siku, na gemu ile akaiokoa. Mwaka uliofuata walikutana tena hapo hapo, katika robo fainali, na Jabeur akashinda 6-7, 6-4, 6-1, ushahidi kwamba hata sevu ile ina siku zake. Mjini hapo hapo, mwezi ule ule wa Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya aliutwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili akiwa na mwenzake wa Uholanzi, na picha yake imebandikwa juu ya kitanda cha binti yetu.

Baada ya zile wiki sita mwalimu alimruhusu kupiga sevu ya kwanza. Alimwambia apige anavyopenda, hata ikigonga uzio wa nyuma. Ya kwanza iligonga uzio kweli. Ya pili pia. Katika ndoo nzima ziliingia labda kumi, lakini zilizoingia zilikuwa na mlio ambao hatukuwahi kuusikia kutoka kwenye raketi yake, mlio mkavu, kama mlango unaofungwa na upepo. Alikuwa akicheka. Tulikuwa hatujamwona akicheka kwenye mstari ule.

Katika likizo iliyofuata alicheza mechi mbili za mashindano, akashinda moja na kushindwa moja. Tangu mwanzo tulikubaliana nyumbani kwamba hakuna atakayehesabu makosa. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 9, alijipa kazi ya kuhesabu zilizoingia, akichora vijiti nyuma ya daftari lake. Katika mechi aliyoshindwa, sevu ya kwanza iliingia mara 23 kati ya 51. Makosa ya mara mbili yalikuwa matatu, tunayajua kwa sababu mwamuzi aliyatangaza. Aliyemshinda alimshinda kwa kukimbia vizuri zaidi na kupiga vizuri zaidi, na huko ndiko kushindwa kwa kawaida ambako mtoto huweza kulala nako. Mara tatu, kwa hesabu ya mdogo wake, aliudaka mpira alioutupa vibaya, akapumua, akaanza upya. Swali la kuacha hatukulirudia, wala mwenyewe hakulileta.

Bado ana kazi. Upande wa kushoto wa uwanja mpira wake wa pili hautaki kupinda inavyotakiwa. Isitoshe, waliojenga uwanja ule waliuelekeza mashariki na magharibi badala ya kaskazini na kusini, na baada ya Alasiri jua humkaa machoni kila anaponyanyua uso. Mwalimu anasema atajifunza kurusha mpira kidogo upande wa kulia wa jua.

Shangazi alikuja kumtazama kwa mara ya kwanza Jumamosi iliyopita. Alikaa kwenye benchi akiwa na mwavuli, akatazama kwa makini sana, na mwishoni akamwita. "Mbona wa kwanza unautupa nje, wa pili ndio unautia ndani?" Binti yetu alichukua chaki ya mwalimu, akapiga magoti kwenye saruji na kumchorea wavu, kisanduku na ile kamba ya mita 2.6, akamwonyesha kwamba wa kwanza hautupi, anaujaribu, na unapoingia mwenzake hana jibu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kujua, ikiwa mambo ni hayo, kwa nini wasiwape mipira mitatu. Hilo hata mwalimu alishindwa kulijibu.